Mbele ya kununua pine ya kamioneti, soma ubavu wake

Ndugu mtumishi, motokari inayotumika kwa kazi za namna nyingi kwetu ni kamioneti. Asubuhi inapeleka watu wa matengenezo mpaka karieri. Saa sita inabeba chupa za oksijeni na pompa iliyoharibika. Mangaribi inarudisha watu. Na siku ya mapumziko, wale walio na kamioneti yao wenyewe wanabeba saruji ya kujengea nyumba, mahindi ya shamba ao magunia ya makala.

Uzito huu wote unasimama juu ya mapine manne. Hata kama freni ni nzuri na shofere ni fundi, pine ikipasuka kwa mbio ya kilometa 80 kwa saa, motokari inavuta upande mmoja mara moja, na wakati wa kuwaza haupo tena. Kwa hiyo, siku ya kubadilisha mapine, usalama wako na wa wale unaobeba uwe mbele ya bei.

Wengi wetu, tukifika mahali pa kununua, tunauliza maneno mawili tu: «Itaingia kwa janti yangu? Ni franga ngapi?» Maulizo hayo ni mazuri, lakini hayatoshi. Ulizo la kwanza liwe hili: «Pine hii inaweza kubeba kilo ngapi?» Jibu limeandikwa ubavuni mwa pine. Kila mtu anayejua kusoma namba anaweza kulisoma. Tulisome pamoja.

MAANDIKO YA UBAVUNI

Tuchukue mfano wa pine moja inayoonekana sana kwa kamioneti: LT 245/75 R 16 120/116 Q.

LT ni alama ya pine ya kamioneti. Ukiona herufi P mahali pa LT, ujue kwamba pine ile ilitengenezwa kwa motokari ya kubeba watu. Kwa mapine mengi yanayotoka Ulaya, alama ya kamioneti ni herufi C, nayo inaandikwa nyuma ya kipimo cha janti.

245 ni upana wa pine kwa milimeta. 75 inaonyesha urefu wa ubavu: ni sehemu 75 kwa 100 za upana ule, ndiyo milimeta 184 hivi.

R ni alama ya pine ya radiali, ambayo nyuzi zake za ndani zinapita moja kwa moja toka upande mmoja mpaka upande wa pili. Usichanganye radiali na pine ya namna ya zamani, yenye nyuzi za kupishana, kwa ekseli moja. Hazishiki barabara namna moja.

16 ni kipimo cha janti kwa inchi. Kipimo hiki hakibishaniwi. Kuna janti za Amerika za inchi 16 na nusu. Kwa macho zinafanana na zile za 16, lakini watu wamekufa kwa kufunga pine ya 16 juu ya janti ya 16 na nusu: wakati wa kutia upepo, ukingo wa pine unakatika, na pine inaruka kama bomu.

120/116 ndiyo namba ya uzito. Namba 120 maana yake pine inaweza kubeba kilo 1,400. Ile 116, ndiyo kilo 1,250, ni ya wakati mapine mawili yanafungwa pamoja upande mmoja, kama nyuma ya kamyo.

Q ni mbio ambayo pine haiwezi kupita: kilometa 160 kwa saa. Hiyo si ruhusa ya kukimbia! Ni nguvu ya pine tu.

KIPIMO KIMOJA, NGUVU MBILI

Sasa angalia vizuri, sababu ni hapa watu wanadanganyika. Katika magazini unaweza kukuta mapine mawili kando kando. Moja imeandikwa LT 245/75 R 16, namba ya uzito 120. Ya pili imeandikwa P 245/75 R 16, namba ya uzito 109. Upana ni ule ule, janti ni ile ile. Yote mawili yataingia kwa kamioneti yako bila shida. Na ile ya pili bei yake inaweza kuwa ndogo.

Lakini namba 109 maana yake kilo 1,030. Hesabu mapine mawili ya nyuma: yale ya kwanza yanabeba kilo 2,800, yale ya pili kilo 2,060. Tofauti ni kilo 740. Kwa magunia ya saruji ya kilo 50, ni karibu magunia 15. Ukipakia magunia hayo juu ya mapine ya pili, huoni kitu siku ya kwanza. Pine haipigi kelele. Inapata moto ndani, nyuzi zinaachana pole pole, na siku moja inapasuka wakati hauwazi.

Namna gani kujua namba inayofaa kwako? Fungua mlango wa shofere, utafute kibati ao karatasi iliyobandikwa kwa nguzo ya mlango. Pale kiwanda kiliandika kipimo cha mapine na upepo wake, na kwa motokari nyingi vile vile uzito mkubwa ambao kila ekseli inaweza kubeba. Kama kibati kimepotea, tazama kitabu cha motokari. Chukua uzito wa ekseli ya nyuma, gawanya kwa mbili, nawe utajua kila pine inapaswa kubeba kilo ngapi. Mfano: ekseli ya kilo 2,000 inaomba pine ya kilo 1,000 kwa uchache, ndiyo namba 108. Kuchukua namba ya juu kidogo ni vizuri. Kushuka chini ya ile ya kiwanda, hapana.

Tena, usifikiri kwamba pine yenye nguvu inaongeza nguvu ya motokari yote. Ekseli, resori na freni zinabaki zile zile. Kibati cha mlangoni ndicho kinaamuru.

PINE BILA UPEPO HAINA NGUVU

Namba ya uzito ni ya kweli kama upepo unatosha. Ni upepo unaobeba mzigo, mpira unaufunga tu. Upepo ukipunguka, ubavu unapinda kila mara gurudumu linapozunguka, na kule kupinda kunaleta moto. Kwetu, katika mwezi wa tisa na wa kumi, mbele ya mvua, lami yenyewe imekwisha kuwa moto. Pine yenye upepo kidogo, mzigo mzito, mbio na joto: hayo mane yakikutana, hatari iko karibu.

Jambo hili limekwisha kuonekana hata katika inchi tajiri. Mwezi wa nane 2000, Firestone iliita mapine karibu milioni 6 na nusu yarudishwe huko Marekani. Mengi yalikuwa chini ya motokari za Ford Explorer. Ngozi ya juu ya pine ilikuwa ikibanduka wakati wa mbio, na motokari ikapinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ajali zilikuwa nyingi hasa katika majimbo ya joto, na upepo mdogo ulikuwa moja ya sababu zilizojadiliwa sana wakati ule. Mapine hayo yalikuwa ya jina kubwa. Kwa hiyo jina halitoshi.

Pima upepo asubuhi, wakati mapine yangali baridi. Ukipima baada ya safari, kipimo kitaonyesha juu zaidi kwa sababu ya joto. Usitoe upepo ule: pine ikipoa utakuwa chini ya kipimo. Na kama motokari itabeba mzigo mzito, fuata kipimo cha mzigo mzito kilichoandikwa na kiwanda.

PINE MPYA INAWEZA KUWA MZEE

Tafuta ubavuni herufi DOT. Namba nne za mwisho wa mstari ule ni tarehe ya kuzaliwa kwa pine. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019, ndiyo mwanzo wa mwezi wa sita. Ukikuta namba tatu tu, pine ile ilitengenezwa mbele ya mwaka 2000. Usiiguse. Kama hukuti tarehe upande mmoja, tazama upande wa pili.

Mpira unazeeka hata kama haukutembea. Jua, joto na hewa vinaukausha. Viwanda vingi vinashauri hivi: toka mwaka wa tano wa kazi, fundi atazame pine kila mwaka, na toka tarehe ya kutengenezwa, miaka 10 ikipita iondolewe, hata kama meno yangali marefu. Shauri hilo linagusa pia pine ya akiba, ile iliyofungwa chini ya sanduku na kusahauliwa.

MENO YA NAMNA GANI?

Meno makubwa ya kuachana yanafaa kwa matope na njia za udongo wakati wa mvua. Lakini juu ya lami iliyolowa yanashika vibaya zaidi, na motokari inachelewa kusimama. Meno madogo ya barabara yanafanya kazi nzuri kwa lami, lakini mawe ya karieri yanayakata. Mtu anayetembea kwa lami toka Lubumbashi mpaka Likasi, kisha anaingia njia za udongo, achague meno ya katikati, yaliyotengenezwa kwa njia zote mbili. Kwa kazi ya ndani ya karieri peke yake, tafuta ubavu mgumu, sababu mawe yenye makali yanakata ubavuni kuliko chini.

Funga mapine manne ya kipimo kimoja na namna moja. Kwa kamioneti inayovuta kwa magurudumu yote manne, vipimo tofauti mbele na nyuma vinavunja vyuma vya ndani. Kama franga zinatosha kwa mawili tu, chukua kipimo kile kile cha yale yanayobaki, na uyafunge nyuma, hata kama ni yale ya mbele yaliyokwisha. Pine ya nyuma ikiteleza, shofere hawezi kuirudisha kwa usukani.

MAPINE YA OKAZIONI

Tunajua kwamba wengi wananunua mapine ya okazioni, sababu mapya ni bei kali. Basi, nunua kwa macho wazi. Usinunue pine iliyofungwa kwa janti. Omba iondolewe, utazame ndani. Ukiona mviringo mweusi uliosagika ndani ya ubavu, ao unga wa mpira, pine ile ilitembea bila upepo. Iache. Ukiona kibandiko ubavuni, uvimbe kama yai, nyufa, ao nyuzi zinazotokea, iache. Chini katika mifereji kuna vituta vidogo: meno yakifika sawa navyo, yanabaki milimeta 1.6 tu, na pine imekwisha. Tazama tena kama mifereji ilichongwa upya kwa kisu cha moto. Pine ya namna hiyo inaonekana nzuri, lakini ngozi inayofunika nyuzi imekatwa.

SIKU YA KUFUNGA

Kazi ya kufunga pine imeua watu katika magaraji na kwa kwado wa kando ya barabara. Hatari kubwa ni janti yenye mviringo wa chuma unaoondolewa. Mbele ya kuifungua, upepo wote utoke, na moyo wa valve uondolewe. Wakati wa kutia upepo, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa pompa uwe mrefu, na mtu asimame kando, wala si mbele ya mviringo. Mviringo wenye kutu ao uliopinda hautumiki tena.

Usichome wala kusudua janti ambayo pine ingali juu yake, hata kama upepo umetoka. Moto unageuza mpira kuwa gesi, na pine inaweza kupasuka.

Nawe mama wa nyumba, usiache watoto wasimame kumtazama kwado akitia upepo. Na pine mzee iliyotupwa nyuma ya nyumba inashika maji ya mvua na kuzaa mbu. Itoboe ao uifunike. Usiichome moto: moshi wake ni sumu kwa kifua cha watoto.

USISAHAU

1. Soma kibati cha mlango: kipimo, uzito, upepo.
2. Namba ya uzito ya pine isishuke chini ya ile ya kiwanda.
3. LT ao C kwa kamioneti inayobeba mizigo.
4. Tazama tarehe ya DOT.
5. Manne ya namna moja. Kama ni mawili, yafungwe nyuma.
6. Baada ya kilometa 50 mpaka 100, kaza tena nati za magurudumu.
7. Pima upepo kila juma, pamoja na pine ya akiba.

Shofere wa kampuni, ukikuta pine yenye namba isiyofaa kwa kamioneti unayopewa, mwambie shefu wako mbele ya kuondoka, na uandike katika kitabu cha motokari. Hiyo si ubishi, ni kazi yako. Na wewe uliye na kamioneti nyumbani, kesho asubuhi chukua karatasi, zunguka motokari yako, andika namba za mapine yote matano, kisha uzilinganishe na kibati cha mlango. Kazi hiyo haiombi franga hata moja.