Chakula cha Kuku wa Mayai

Watu wengi hudhani kwamba kuku akishibishwa mahindi atataga vizuri. Sivyo. Mahindi humtia nguvu, lakini protini yake ni kiasi cha sehemu 9 tu katika 100, na kuku atagaye huhitaji 16 au zaidi. Kwa hiyo nashauri mahindi yachanganywe na mashudu ya alizeti na dagaa wakavu waliosagwa.

Jambo la pili ni kalsiamu. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi. Kuku asipoipata katika chakula huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Maganda huwa laini, kisha miguu hulegea. Muwekee maganda ya konokono au kome yaliyopondwa, katika chombo cha peke yake, ale apendavyo. Lakini vifaranga wasipewe chakula cha kuku watagao, maana kalsiamu nyingi hudhuru figo zao.

Mahindi yenye ukungu usiwape kamwe, yaweza kuwa na sumu.

Wengi wetu hapa bwenini tumenunuliwa daftari kwa fedha za mayai. Basi tukienda likizo, tuwaangalie kuku wanakula nini.