Diski Imefika, Bakapu Iko Wapi?

Karani mmoja wa chama cha msingi cha kahawa aliteremka kutoka Kitura na diski mbili ndani ya kapu, zimeviringishwa taulo. Radi ilikuwa imeua kompyuta ya ofisini kwao. Wamenunua mpya, akazichomeka diski zote mbili, orodha ya malipo ya wakulima haionekani.

"Fundi, bakapu nafanya kila Ijumaa," akasema.

Sikumbishia. Ila diski si gunia la kahawa, kwamba ukilihamishia ghala jingine utakuta kahawa ileile.

Ya kwanza ilikuwa diski ya nje. Kasha lake nalo liliungua, akaihamishia kwenye kasha alilonunua Mbinga mjini. Windows ikadai ifomatiwe kwanza. Bahati yake aliogopa, maana data ilikuwemo yote. Diski hugawanywa vipande vyenye namba, na ndani ya kasha mna bodi ndogo inayoisomea kompyuta namba hizo. Kasha la zamani lilihesabu vipande vya baiti 4,096. Hili jipya, vya baiti 512. Basi kompyuta ikitumwa kipande cha mia, inaishia moja ya nane ya safari, inakuta kitu isichokielewa, inadhani diski ni tupu. Tulitafuta kasha la aina ileile ya zamani, mafaili yakajitokeza.

Ya pili ilitoka ndani ya kompyuta iliyoungua, nayo ilikuwa imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows, bila yeye kujua. Kompyuta nyingi za siku hizi hujifunga zenyewe, ufunguo ukakaa kwenye chipu ya madabodi. Madabodi ikifa, diski inadai namba ya tarakimu 48. Fundi akikuambia ataikwepa, mlipie chai yake uondoke. Yetu tuliikuta kwenye akaunti ya Microsoft aliyoifungua siku kompyuta inanunuliwa, kwa barua pepe ambayo nywila yake alishaisahau.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Windows mpya ilimkatalia folda zake mwenyewe, kwa sababu inatambua namba ya utambulisho ya akaunti, si jina. Nikachukua umiliki kama msimamizi. Programu ya bakapu ilitafuta diski D, nayo sasa inaitwa E. Nikabadilisha herufi.

Sikurudisha vyote kwa mkupuo. Nilinakili faili moja ya msimu uliopita, nikaifungua. Karani akatoa stakabadhi mfukoni, akafuata jina la mkulima kwa kidole hadi safu ya kilo. Zikalingana. Akaomba kalamu, akaziandika tarakimu zote 48 nyuma ya jalada la daftari la stakabadhi.