Mangaribi ya siku ya posho: nani anapumzika?



Hapa Lubumbashi wazee wetu waliita Jumamosi "siku ya posho", kwa sababu ya posho, chakula cha juma ambacho wafanyakazi wa Union Minière walipewa. Leo posho haigawiwi tena, lakini mangaribi ya Jumamosi ingali na utamu wake. Tupite Kenya, Katuba, Kamalondo ao Ruashi: vijana wanafuata mpira kwenye televizyo, zaidi Mazembe ikicheza. Mababa wengine wako nganda na marafiki. Wengine wanakesha kwenye matanga, kumsindikiza jirani aliyefiwa. Kwaya zinarudilia nyimbo za ibada ya kesho. Umeme ukikatika, viti vinatolewa inje, mbabula inawaka, na masimulizi yanaanza.

Na mama? Anasonga bukari, anapika sombe, anafua nguo za ibada na za masomo, anapiga pasi. Pembeni yake ni binti. Kaka yake, ambaye wamepishana mwaka mmoja tu, yuko kwenye mpira.

Sisi walimu tunaona matokeo Jumatatu asubuhi. Binti anafika na macho mazito, daftari haina zoezi. Si mvivu huyo. Alitumika siku mbili mfululizo. Akirudilia mwaka, wazazi wananunua tena sare na madaftari. Na feza zikipungua nyumbani, mara nyingi ni yeye anayeondolewa masomoni wa kwanza.

Basi wamama, tushauriane:

- Mazoezi ya shule yafanywe Jumamosi mchana, mwangaza ukingali. Tusingojee umeme wa usiku.
- Nguo za masomo zifuliwe Jumamosi asubuhi, kila mtoto mkubwa afue zake.
- Mvulana achote maji, awashe mbabula, aoshe sahani. Kazi hiyo haimpunguzii kitu. Siku moja atakaa peke yake, naye atatushukuru.
- Kisha chakula, tuweke saa moja ya jamaa. Simu kando. Babu ao nyanya asimulie, watoto watege vitendawili, mmoja asome kwa sauti. Asiyejua kusoma asikilize na kuuliza maana. Mtoto anafurahi sana kumfundisha mama yake.
- Baba aelezwe mapema, kwa upole, wala si wakati anapofunga viatu kutoka. Mababa wengi wanabaki wakijua kwamba wanangojewa.

Hatukatazi mpira, wala hatukatazi kutembea. Mtu aliyetumika juma zima anahitaji kucheka na wenzake. Lakini mapumziko ya jamaa yasiwe mzigo wa binti mmoja.

Kwenye likelemba ya juma hili, kila mmoja aeleze namna kazi zinavyogawanywa kwake. Na Jumamosi inayokuja, mama naye aletewe kiti.