Risasi na Amana ya Mkono

Ndugu zetu katika imani, neno risasi tulilipokea kutoka kwa Waarabu, nalo lilikuwa jina la madini mazito na laini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Safari ya kitu hicho ina funzo kwa kila nyumba.

Zama za gobore, mpiganaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia kidonge cha risasi, kisha akaweka fataki. Hodari wao alifyatua mara mbili tatu tu kwa dakika. Mvua iliilowesha baruti, na wingu la moshi lilimfichua alipojificha. Baina ya hasira na mauti palikuwa na muda.

Katika karne ya 19 mafundi wa Ulaya walivikusanya vitu hivyo vitatu ndani ya ganda moja la shaba. Mwaka 1886 Wafaransa walianza kutumia jeshini baruti isiyo na moshi mzito. Kasi ikazidi mno, hata risasi ikabidi kuvishwa gamba la madini magumu. Waingereza nao, mwaka 1888, wakapokea risasi ya inchi 0.303. Bastola haikuachwa nyuma: mwaka 1902 Mjerumani Georg Luger alitoa risasi ya milimita 9, ambayo majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia hadi leo. Muda ule ukatoweka.

Pwani yetu iliionja tofauti hiyo. Mwaka 1914 Wagiriama, waliokwisha kuhamasishwa na Mekatilili wa Menza, waliwakabili askari wa King's African Rifles kwa pinde na mishale. Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, watu wengi wakauawa, kisha walionusurika wakatozwa faini ya rupia 100,000.

Hata wakubwa wa vita waliingiwa na hofu. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa yalikubaliana kuacha risasi zinazotanuka mwilini, mfano wa zile zilizotengenezwa Dum Dum, India.

Nasi tuna mwongozo uliotangulia hayo yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru apitaye na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye vichwa vyake, asije akamjeruhi Muislamu. Ikiwa mshale, unaohitaji kuvutwa upinde, ulitakiwa uhadhari huo, vipi kitu kinachongoja kidole kimoja tu?

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, anayeokota risasi shambani au ufukweni asiigonge wala asiitie motoni, wala mtoto asiifanye kichezeo, kwani baruti iliyofungwa katika ganda hudumu miaka mingi. Aiache ilipo, awaite polisi. Kuiweka nyumbani bila kibali ni kosa katika sheria ya Kenya, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia yetu. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.