Pale Reli Inapokutana na Maji

Anayepanda treni ya Kisumu jijini Nairobi akiwa na kamera begani hana budi kujua jambo moja mapema: Bonde la Ufa atalivuka gizani. Safari hizo zilirejea Desemba 2021, baada ya kukarabatiwa kilomita 217 za reli ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu, na treni ilipangiwa kuondoka jioni ifike ziwani asubuhi. Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro na Molo hupitwa abiria wakisinzia. Picha atakazoambulia ni za ndani ya behewa na za taa za stesheni. Anayetaka kuipiga picha reli yenyewe huifuata mchana, kwa miguu au kwa bodaboda, na treni anayoitegemea ni ya mizigo.

Wengi wakifika kandokando ya reli hukimbilia kichwa cha treni. Kichwa hicho, hata kikiwa kimepakwa rangi ya kupendeza, ndicho hichohicho kitakachoonekana kwingineko nchini. Kilicho cha njia hii ya Kisumu peke yake ni namna reli inavyohangaika na mwinuko na maji. Mji wa Nakuru uko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi. Kutoka hapo njia ya Kisumu hupanda Mau hadi zaidi ya mita 2,500, kisha huteremka mpaka Ziwa Victoria, lililo kwenye mita 1,134. Mteremko wa magharibi, kuanzia Londiani kupitia Kipkelion hadi Fort Ternan, umekatwakatwa na makorongo ya vijito vinavyoulisha Mto Nyando, na kila korongo lilidai daraja lake. Wajenzi wa Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu Desemba 1901, waliagiza vyuma kwa kampuni ya American Bridge ya Marekani wakasimamisha madaraja marefu 27 katika eneo la Mau.

Daraja la namna hiyo haliwezi kueleweka likipigwa kutoka usawa wa reli. Hapo huonekana vyuma viwili na mataruma, basi. Mpiga picha ateremke bondeni, jua likiwa mgongoni, apate nguzo zote tangu kwenye misingi yake hadi juu. Kisha asubiri mabehewa yafike katikati, maana bila treni mtazamaji hana cha kupimia urefu wa nguzo. Kijito nacho kisikatwe nje ya fremu. Ndicho kilichofanya daraja lijengwe.

Muda wa mwanga mzuri wa kufanyia kazi hiyo, ule wa dhahabu jua linapokaribia kutua, ni mfupi. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo likibaki nyuzi 6 juu ya upeo wa macho zimesalia kama dakika 24 litue. Wapiga picha wa Ulaya ya kaskazini huwa na muda mrefu zaidi wa mwanga wa dhahabu. Aliye chini kwenye Bonde la Ufa karibu na Nakuru hupunjwa hata hizo dakika 24, kwa kuwa milima ya Mau iko magharibi yake na hulificha jua mapema.

Kasi nayo ina hesabu yake. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa husogea mita 11 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, treni imesogea sentimita 18 na namba ya injini haisomeki tena. Kwa 1/1000 imesogea sentimita moja tu na kitu. Anayesimama mahali treni inamjia kutoka kwenye kona, badala ya kumpita ubavuni, anaweza kutumia shata ya polepole zaidi, kwa sababu mwendo huo hauvuki fremu kwa haraka.

Wenye simu wanaopiga picha kutoka ndani ya treni za mchana wana tatizo jingine. Simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari, kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, na hazinasi picha nzima kwa mpigo. Ndiyo maana nguzo za umeme zilizo karibu na dirisha la treni hutoka zimeinama, ilhali Mlima Longonot, ulio mbali, hutulia vizuri. Lenzi igusane na kioo cha dirisha, na leso nyeusi izungushiwe simu kuzuia mng'ao wa taa za ndani. Kwenye reli mpya ya SGR ya Nairobi hadi Suswa, iliyozinduliwa Oktoba 2019, kuna handaki la takriban kilomita 4.5 huko Ngong. Treni ikitoka humo ghafla kwenye jua la bondeni, simu iliyokwisha kuzoea giza hutoa weupe mtupu. Dawa yake ni kugusa sehemu angavu ya kioo cha simu na kupunguza mwanga mara tu nje kunapoonekana.

Sababu ya kuipiga picha miundombinu hii inapita urembo. William D. Young, aliyepiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda, alituachia ushahidi wa namna mabehewa yalivyoteremshwa kwa kamba za chuma kwenye ukuta wa bonde kabla njia ya kudumu haijakamilika. Mfano wa siku zetu ni mchungu zaidi. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliporomokea eneo la Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yakaua watu zaidi ya 40. Mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli huko Old Kijabe iliziba kwa takataka za mafuriko, maji yakajaa nyuma ya tuta, kisha yakafumuka.

Kwa hiyo kalvati, yaani njia ya maji chini ya tuta, inastahili picha kama linavyostahili daraja. Ipigwe upande maji yanakoingia, kwa kuwa huko ndiko magogo hukwama, na mtu asimame kando yake kuonyesha ukubwa wa mdomo. Mstari wa matope ukutani, unaoonyesha kina cha mafuriko yaliyopita, upigwe kwa karibu. Picha ya kwanza ipigwe kabla ya masika ya Machi, na nyingine kutoka palepale baada ya mvua za Mei.

Haya yote yafanyike nje ya njia ya treni. Treni inayoteremka huweza kuwa kimya kuliko inayopanda, na juu ya daraja refu mtu asitegemee kupata pa kupisha. Ndani ya stesheni, ruhusa iombwe kwa stesheni masta kabla kamera haijatolewa. Abiria nao waulizwe: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi zilizochapisha picha za watu bila ridhaa.

Mwishowe picha iandikiwe tarehe, jina la stesheni iliyo karibu na upande ilikopigwa, juu ya mto au chini. Anayemtumia mhandisi au diwani kwa WhatsApp aitume kama faili, maana ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za mahali na saa.