Kabla ya mkasi: nguo za watoto kutoka kitambaa kilichotumika

Kitambaa cha pamba kilichofuliwa miaka kadhaa kimekwisha kupitia misukosuko yote ambayo kitambaa kipya kitaipitia kikiwa mwilini mwa mtoto. Wanga wa kiwandani umetoka, rangi ya ziada imetoka, kimesinyaa hadi mwisho wake na nyuzi zimelainika. Ndiyo maana huku pwani mtoto mchanga hafungwi winda la khanga mpya. Hutafutwa kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa nyororo. Anayeona haya kumshonea mwanawe gauni kutoka shati la mtumba anajinyima kitambaa bora kwa ngozi ya mtoto. Ila kitambaa hicho hicho kina mahali kilipochoka, na mara nyingi mahali hapo hapaonekani kwa kutupa jicho tu. Mimi humpima fundi wa nguo za watoto kwa jinsi anavyokagua kitambaa kabla hajashika mkasi.

Ukienda kwenye masoko ya mitumba kama Karume, Gikomba au Kongowea, lipite fungu la nguo za watoto. Nguo aliyoichezea mtoto mwingine imekwisha magotini, na vipande vyake ni vidogo mno kukatwa upya. Nenda kwenye mashati ya kiume, makubwa kabisa utakayoyapata. Mgongo wa shati la mwanamume mnene una upana wa sentimita 60 hivi bila mshono wa katikati, na hapo sehemu nzima ya mbele ya gauni la mtoto wa miaka 4 inatoka. Pindo la chini la shati libaki kuwa pindo la gauni. Safu ya vifungo nayo imekwisha kushonwa, na matundu yake yamezungushiwa uzi na mashine ya kiwandani. Ihamishie mgongoni mwa gauni na umeokoa kazi ya mchana mzima. Mashuka ya pamba pia ni mali, hasa kingo zake, kwa sababu mlalaji huchosha katikati. Mapazia ninayaogopa zaidi. Jua la dirishani huozesha nyuzi taratibu, na pazia lililoonekana imara likining'inia linaweza kuchanika siku ya kwanza mtoto anapochuchumaa.

Ukaguzi wenyewe ni wa macho, mikono na moto. Nyanyua kitambaa kielekee kwenye mwanga. Palipokonda patapitisha mwanga zaidi, na utaona ramani nzima ya aliyekivaa: viwiko, kola, kwapa, mahali mkanda uliposugua. Zungushia chaki sehemu hizo. Kisha shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyoachana sentimita 3, uvute kwa upande wa mtande, halafu kwa upande wa mshindio. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzi kukatika, hapo hapafai hata kama rangi inang'aa. Nguo nyeupe zichunguze mara mbili, maana dawa za kung'arishia zenye klorini hula pamba kidogo kidogo.

Moto ni wa kujua kitambaa kimetengenezwa kwa nini, kwani lebo nyingi zimekatwa au zimefutika. Chomoa nyuzi chache kutoka ndani ya mshono, ziweke juu ya sahani ya bati mbali na watoto, uziwashe. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu. Ukipata jivu na tone pamoja, ni mchanganyiko. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa sishauri kumvika mtoto poliesta tupu: hainyonyi jasho, na vipele vya joto huanzia shingoni na mgongoni.

Sasa kufua, na hapa kuna imani mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kwamba mtumba huja na upele kutoka Ulaya. Kijidudu cha upele hakiishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya mwili wa mtu, ilhali belo husafiri majini kwa wiki nyingi. Hatari, kama ipo, inatoka kwa watu waliojaribu nguo hiyo palepale sokoni. Maji ya nyuzijoto 50 na zaidi kwa dakika kumi hukimaliza, na pasi ya moto huongeza uhakika. Imani ya pili ni chumvi. Wengi huloweka khanga katika maji ya chumvi ili kufunga rangi. Chumvi husaidia rangi fulani kuingia kwenye nyuzi wakati wa kutia rangi, lakini haiwezi kushikilia rangi iliyokwisha kuchapwa. Badala yake lowesha kipande cha kitambaa cheupe, kiweke juu ya nguo, ukandamize kwa pasi. Kikitoka na doa, fua nguo tena peke yake mpaka kitambaa hicho kisitoke na kitu, hasa nguo nyekundu na nyeusi.

Khanga inahitaji maneno yake. Ina urefu wa sentimita 150 hivi kwa upana wa 110, na imechorwa kwa kufuata umbo lake: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini ya mji. Ukikata ovyo unapata gauni lenye nusu ya ua begani na nusu ya herufi kwapani. Laza kiolezo ili pindo la khanga liangukie pindo la gauni, na mji ukae kifuani. Ukingo wa juu, unaofungwa kifuani au kiunoni kila siku, ndio hufa kwanza, uache. Na zipo khanga ambazo hazistahili mkasi kabisa. Kisutu cha harusi cha bibi, au doti la zamani lenye chapa ya Mali ya Abdulla ya Mombasa likiwa bado zima, ni kumbukumbu ya familia na ya ufundi wa uchapaji. Mtoto ana mashati ya baba yake; khanga hizo zibaki sandukuni.

Katika kukata, wazazi wengi huniambia nishone kubwa, mtoto ajazie. Nawaelewa, ila ukubwa huo huenda mahali pasipofaa. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa wastani ana urefu wa sentimita 88 hivi akifika miaka 2, na 110 akifika miaka 5. Ni sentimita 7 au 8 kwa mwaka. Kifua katika miaka hiyo huongezeka sentimita moja au mbili tu kwa mwaka. Nguo humfupia mtoto mapema kabla ya kumbana. Kwa hiyo mabega yakae sawasawa leo, kifua kipate nafasi ya kupumua, na akiba yote iwe kwenye urefu. Juu ya pindo la chini, kunja mikunjo miwili ya kuzunguka gauni, kila mmoja kina cha sentimita 2, uishone kwa mishono mirefu inayofumuka bila taabu. Kila mkunjo umemeza sentimita 4, hivyo una sentimita 8 za kuachia. Gauni halifuniki mwili mzima, kwa hiyo akiba hiyo huvuka mwaka. Kitambaa kipya cha rangi nzito ukikifumua huacha utepe unaong'aa palipokuwa na mkunjo. Kilichokwisha kupauka tofauti yake ni ndogo, na mfuo mmoja au miwili huificha.

Mashine zetu nyingi za miguu huwa na sindano namba 16, ya kushonea jinzi. Iondoe, weka namba 11 au 12. Urefu wa mshono uwe milimita 2.5, kwani mishono ya karibukaribu hutoboa pamba kongwe kama karatasi ya stempu, na itachanika hapohapo. Uzi usiwe na nguvu kuliko kitambaa. Ni heri mshono ufumuke, utashonwa upya, kuliko nguo kupasuka. Kama huna mashine ya ovaloki, usiache kingo wazi zikamkwaruza mtoto. Kutanisha vipande viwili kwa migongo yake, upande mzuri ukiwa nje, shona milimita 6 kutoka ukingoni, punguza ukingo ubaki milimita 3, geuza ndani nje, piga pasi, kisha shona tena milimita 7. Nyuzi zote zimefungiwa ndani, na mshono una nguvu maradufu.

Kuhusu usalama sina mjadala. Shingoni mwa mtoto hapapiti kamba. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1976 kuuza makoti ya watoto yenye kamba ya kukazia kofia, kwa sababu kamba hunasa na kunyonga. Ukiikuta kwenye nguo uliyonunua, ichomoe. Vifungo vya shati kuukuu vimeshikwa na uzi kuukuu, kwa hiyo vikate vyote uvishone upya kwa uzi uliokunjwa mara mbili, kisha vuta kila kimoja kwa nguvu zako zote. Kwa aliye chini ya miaka 3 afadhali vitanzi vya kitambaa kuliko shanga na vito vya kubandika. Mikono mipana na sketi zinazopepea zisivaliwe karibu na jiko la mkaa, kwani pamba nyepesi hushika moto upesi. Mpira wa kiuno uwe mpana, usipungue sentimita 2, na mwisho wake uache wazi kidogo ndani ya njia yake ili uweze kuongezwa. Jioni mvue mtoto uangalie tumbo. Ukiona mstari mwekundu, mpira unabana. Ulegeze usiku huohuo.