Fedha Katika Simu: Jitayarishe, Mkulima

Ndugu mkulima wa Isiolo, huenda siku yaja ambapo mnunuzi wa mbuzi au vitunguu vyako hatakuwa na noti hata moja mfukoni. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya, Machi 2007, fedha nyingi zimehamia katika simu. Tena, fedha za kuficha nyumbani zina hatari yake: tarehe 1 Oktoba 2019 noti za zamani za shilingi 1,000 zilikoma kuwa halali, na aliyechelewa kuzibadilisha alibaki na karatasi tupu.

Basi shika mambo manne:

1. Namba ya siri ni mlango wa boma lako. Usimtajie mtu, hata wakala.

2. Usimkabidhi mnunuzi kamba ya mbuzi kwa kuona ujumbe tu, maana ujumbe wa uongo huandikwa upesi. Tazama kwanza salio lako.

3. Kama hujui kusoma, mwanao akusomee. Lakini namba ya siri ibonyeze mwenyewe.

4. Weka akiba ya noti chache, kwani mtandao hukatika na betri huisha.

Kila jioni wahesabu mifugo ikirudi bomani. Fedha zako nazo zihesabu vivyo hivyo.